Gantri ya ruta ya CNC ikikosa guni: dalili, visababishi na namna ya kuinyoosha

Kabati likikataa kufunga kona, wa kwanza kulaumiwa ni aliyechora. Mchoro mara chache huwa na kosa. Kinachokosea mara nyingi ni gantri, ile boriti inayobeba spindo, yaani mota inayozungusha kisu cha kukatia: upande mmoja umetangulia, mwingine umebaki nyuma, na kila pembe inayokatwa inatoka na nyuzi 89.9 badala ya 90, yaani imekosa guni. Kwa macho huoni kitu. Lakini sehemu hiyo moja ya kumi ya nyuzi, kwenye urefu wa ubao wa futi nane, ni zaidi ya milimita 4, na milimita 4 ni mlango usiofunga.

Maelezo haya yanahusu ruta ya CNC, yaani mashine ya kukata mbao inayoongozwa na kompyuta, ya saizi ya 1325, yenye meza ya milimita 1300 kwa 2500 inayolaza ubao mzima wa futi 4 kwa 8. Ndiyo iliyojaa kwenye karakana zetu za milango, vitanda, makabati na mabango. Gantri yake inasukumwa na mota mbili, moja kila upande, na kila mota ina pinioni (gia ndogo) inayotembea juu ya reki (ufito wenye meno). Ukiwa na mashine ndogo ya mikanda au ya skrubu ndefu, visababishi ni vilevile. Mahali pa pinioni soma puli au nati.

Jambo moja nitalirudia hadi uchoke: guni ya gantri hutengenezwa kwenye chuma. Programu na sensa kazi yake ni kuilinda tu. Anayeanza na namba za programu kabla ya kushika spana atapata mraba mmoja mzuri leo, na kesho ataanza upya.

Kabla ya kugusa chochote

Zima mashine kwenye swichi kuu, si kwenye kitufe cha dharura pekee. Inverta inayoendesha spindo hubaki na umeme ndani yake hata baada ya kuzimwa, kwa hiyo subiri angalau dakika 10 kabla ya kufungua kabati la umeme. Kidole kisiingie kati ya pinioni na reki wakati mashine ina umeme, hata kama mota zimetulia: kuna draiva (vifaa vinavyolisha mota umeme) zinazoshtuka zikiwashwa. Na toa biti kwenye spindo. Watu hukumbuka umeme, wanasahau kwamba kuna kisu kinaning'inia usawa wa mkono.

Pima kwanza, ujue kosa ni kiasi gani na ni upande upi

Chukua kipande cha MDF, kifunge vizuri mezani, kisha agiza mashine itoboe matundu manne ya milimita 6 kwenye pembe za mstatili wa 900 kwa 1200. Ile 900 iwe upande wa X, yaani kufuata gantri, na 1200 iwe upande wa Y, yaani urefu wa meza. Vipimo hivyo ni ile 3-4-5 ya mafundi ujenzi ikizidishwa mara 300, kwa hiyo kona kwa kona inatakiwa kuwa 1500.

Kwa nini matundu, si kukata kipande kizima? Kwa sababu ukingo uliokatwa unabeba makosa mengine pia: biti iliyopinda kidogo kwa nguvu ya mbao, kipande kilichosogea mwishoni, unyuzi uliobaki. Tundu halina habari hizo. Chomeka pini au vishikizo vya biti zilizochoka kwenye matundu, upime kona zote mbili. Usianzie kwenye ndoano ya tepu kwa sababu hucheza. Anzia kwenye alama ya 100, halafu utoe 100. Hata tepu yako ikiwa na kasoro, haidhuru, maana unachotafuta ni tofauti ya kona moja na nyingine.

Sasa simama mbele ya mashine, upande sifuri ya Y ilipo. Ulalo unaotoka mbele kushoto kwenda nyuma kulia ukiwa mrefu kuliko mwenzake, upande wa kulia wa gantri umetangulia kwenda nyuma. Ukiwa mfupi, uliotangulia ni wa kushoto.

Kiasi cha kusahihisha: zidisha tofauti ya kona kwa urefu wa ulalo, gawanya kwa mara mbili ya kipimo cha Y, kisha zidisha kwa umbali kati ya reli mbili na ugawanye kwa kipimo cha X. Kwa mstatili wetu, na reli zilizoachana kama milimita 1500, jibu linakaribia sana tofauti yenyewe. Kona zikitofautiana milimita 2, upande uliotangulia unarudishwa takriban milimita 2. Ndiyo sababu napenda mstatili huu: fundi hahitaji kikokotoo.

Kwa makabati na milango, tofauti ya nusu milimita kwenye ulalo wa 1500 ni kazi nzuri. Milimita 1 inavumilika. Ukitafuta chini ya hapo kwa tepu ya kawaida unapima mkono wako, si mashine.

Gantri ikiachiwa, yenyewe inakaa wapi?

Hili ndilo jaribio linalorukwa na wengi, na ndilo linalogawa matatizo yote yaliyo hapa chini katika mafungu mawili.

Mashine ikiwa imezimwa, legeza sahani za mota zote mbili ili pinioni ziachane na reki. Shika boriti katikati, isukume mbele na nyuma mara kadhaa, kisha iache itulie. Pima kutoka kila mwisho wa gantri hadi sehemu ya fremu ya mbele ambayo umekwisha kuhakikisha kwa njia ya kona kwamba imekaa guni na reli. Rudia gantri ikiwa katikati na ikiwa nyuma.

Ikiwa gantri iliyoachiwa inakaa guni, lakini ikiendeshwa na mota inakata pembe mbovu, chuma chako ni kizima. Tatizo liko kwenye pinioni, mota, draiva au sensa. Ikiwa gantri iliyoachiwa inakaa upogo, tatizo ni bolti, sahani za pembeni au reli, na hakuna namba ya programu itakayoliponya. Unaweza kweli kuilazimisha kwa mota mpaka isome guni, lakini hapo mota inashindana na chuma muda wote, hata kabla haijagusa mbao. Ni kama droo pana inayovutwa kwa mkono mmoja: inakwenda, ila inakwaruza. Bloku za reli, vile vibebeo vyenye gololi vinavyoteleza juu ya reli, zitakufa mapema na mota itapoteza hatua siku ya kazi nzito.

Dalili ya kwanza: kila kipande ni msambamba, na kosa ni lilelile kila siku

Kosa lisilobadilika ni habari njema. Kuna kitu kimefungwa vibaya, si kinacholegea.

Mara nyingi utakuta gantri haijawahi kupigwa guni tangu iliposhushwa kwenye kontena. Mashine hizi husafiri zikiwa zimefunguliwa au zimefungwa kwa kamba, na anayezifunga huwa anatafuta ziwake, si zipime. Legeza bolti zinazounganisha boriti na sahani ya pembeni ya upande mmoja tu, zisitoke. Sogeza upande uliotangulia kwa kiasi ulichokokotoa, ukitumia bolti ya kusukumia au kabari, nyundo iache. Kaza bolti kidogo kidogo kwa kupishana, toboa matundu mapya, upime tena. Kwa kawaida inachukua mizunguko miwili au mitatu kwa sababu kukaza nako kunasogeza.

Sababu inayofuata ni vikomo, yaani sensa na vizuizi vya mwisho wa safari. Mashine nyingi za 1325 zinazoendeshwa kwa kidhibiti cha mkononi hutuma ishara moja ya Y kwa draiva zote mbili, na zina sensa moja tu ya Y. Mashine ya namna hiyo haina uwezo wa kujinyoosha yenyewe. Inaamini kwamba ulivyoiwasha ndivyo ilivyo guni. Dawa yake ni rahisi: funga vizuizi viwili vya chuma mbele ya fremu, kimoja kila upande, vyenye bolti ya kurekebishia. Kila asubuhi kabla ya kuwasha, vuta gantri kwa mkono hadi igonge vizuizi vyote viwili, halafu washa. Usiiendeshe kwa mota hadi kwenye vizuizi, hasa kama una mota za serva, maana hazitakata tamaa mpaka kitu kivunjike.

Mashine yenye sensa mbili za Y na kidhibiti kinachozitambua kila moja peke yake hujinyoosha wakati wa kupiga homu, yaani kurudi kwenye sifuri yake. Programu za vidhibiti za grblHAL na FluidNC zina uwezo huo. LinuxCNC nayo, ambako namba ya HOME_SEQUENCE huwekwa hasi kwa mota zote mbili ili zimalize pamoja. GRBL ya kawaida kwenye Arduino Uno hutoka bila uwezo huo ukiwa umewashwa. Ukiwa na mfumo unaojinyoosha na kosa likabaki lilelile, sensa moja imekaa mbele au nyuma mno: sogeza chuma kinachosomwa na sensa, au weka tofauti hiyo kwenye mipangilio. Lakini fanya hivyo baada ya jaribio la kuachia gantri, si kabla.

Dalili ya pili: asubuhi iko guni, mchana imepotea

Hapa ndipo pana malalamiko mengi kuliko penginepo, na ndipo watu hubadilisha mota nzima bure.

Pima kosa kwa makini kabla ya kulirekebisha, kwa sababu ukubwa wake unasema chanzo. Tuseme pinioni yako inasogeza gantri milimita 80 kwa mzunguko, na kuna giaboksi ya 5 kwa 1. Mzunguko mmoja wa mota ni milimita 16, na mota ya stepa, inayozunguka hatua kwa hatua, ikiwa na hatua 200 kwa mzunguko inasogeza milimita 0.08 kwa hatua kamili. Stepa ikizidiwa haipotezi kiasi chochote tu; huteleza na kudaka tena kila baada ya hatua nne, yaani milimita 0.32 kwa mfano huu. Kwa hiyo ukikuta upande mmoja umebaki nyuma kwa 0.32, au 0.64, au 0.96, mota imepoteza hatua. Ukikuta umebaki kwa karibu milimita 4 kwa mpigo, usitafute kwenye umeme: reki ya moduli 1.25 (moduli ni kipimo cha ukubwa wa jino) ina umbali wa milimita 3.93 kutoka jino hadi jino ikiwa meno yamenyooka, na 4.17 hivi kwa meno ya mshazari yaliyozoeleka. Pinioni imeruka jino. Na ukikuta kosa ni la namba yoyote tu, linalokua polepole, kuna skrubu inayoteleza kwenye shafti.

Anza na lile rahisi. Vumbi la MDF likichanganyika na grisi linakuwa udongo mgumu chini ya meno ya reki, na pinioni inapanda juu yake. Safisha reki zote mbili kwa brashi ya waya laini, urefu wote, hasa eneo la katikati ambako kazi nyingi hukatwa. Reki haihitaji grisi nzito. Mafuta mepesi kiasi kidogo yanatosha, na kwenye karakana yenye vumbi bila kifyonza ningeiacha karibu kavu.

Kisha pinioni yenyewe. Piga mstari wa rangi ya kucha unaovuka kutoka shafti hadi pinioni, pande zote mbili. Fanya kazi ya siku moja. Mstari ukikatika na vipande vyake vikaachana, skrubu ya kubana imelegea. Itoe, safisha uzi, paka gundi ya uzi, na uhakikishe ncha yake inakaa kwenye sehemu bapa ya shafti, si kwenye mviringo. Mstari ukiwa mzima, geukia springi au bolti inayosukuma sahani ya mota: upande mmoja ukiwa umebanwa kidogo kuliko mwingine, huo ndio utakaoruka jino.

Yote hayo yakiwa sawa, punguza mchapuko wa Y kwa nusu ukate kazi ileile. Kosa likitoweka, mota haikuwa na nguvu ya kutosha kwa uzito iliopewa. Hapo angalia mkondo uliowekwa kwenye draiva kama unalingana na bamba la mota, na kama feni za kabati zinazunguka. Draiva iliyojaa vumbi hupata joto na kujipunguzia nguvu mchana, na ndiyo maana asubuhi haina neno.

Mwisho kabisa, waya. Waya unaopita kwenye mnyororo wa kebo hukatika ndani huku ganda likiwa zima. Pindisha mnyororo kwa mkono kipande kwa kipande, mashine ikiwa imezimwa, huku mita ikipima mwendelezo wa waya. Usichomoe wala kuchomeka waya wa mota draiva ikiwa na umeme. Hiyo ni njia ya uhakika ya kuua draiva.

Joto la hewa, nalitaja kwa sababu husingiziwa sana, hasa Pwani. Boriti ya chuma ya milimita 1600 ikipanda nyuzijoto 10 inarefuka takriban milimita 0.19, na inarefuka kwa urefu wake. Haipindishi guni. Chumvi ya bahari ndiyo ya kuogopwa: reli isiyopanguswa hushika kutu, na kutu huzuia upande mmoja kabla ya mwingine.

Umeme kukatika katikati ya kazi ni suala lake peke yake. Mota zikikosa umeme zinalegea, uzito wa spindo uliokaa upande mmoja au mkono wa mtu unasogeza gantri, na umeme ukirudi kila stepa inadaka nafasi iliyo karibu nayo. Upande mmoja unaweza kudaka hatua nne mbele ya mwenzake. Kwa hiyo umeme ukirudi usiendelee na kazi pale ilipoishia kabla ya kupiga homu upya, au kuvuta gantri kwenye vizuizi. Wapo wanaonunua UPS ya kidhibiti peke yake wakidhani wameokoka. Kidhibiti kinabaki hai kikikumbuka nafasi ambayo mota zimekwisha kuiacha, na hilo linakudanganya zaidi kuliko kila kitu kuzimika pamoja.

Dalili ya tatu: imeanza baada ya kubadilisha kifaa

Umebadilisha draiva? Tazama viswichi vidogo ubavuni mwake. Mgawanyo wa hatua ukiwa 1600 upande mmoja na 3200 upande mwingine, upande mmoja utakwenda nusu ya safari ya mwenzake na gantri itajikunja ndani ya sekunde. Linganisha viswichi vyote, kimoja kimoja, kabla ya kuwasha.

Umebadilisha mota au waya wake? Kama jozi moja ya waya imegeuzwa, mota itazunguka kinyume: upande mmoja unakwenda mbele, mwingine unarudi. Jaribu kwanza pinioni zikiwa zimeachanishwa na reki, uone kwa macho zinazunguka kuelekea wapi. Ni dakika tano za kuokoa sahani ya pembeni.

Umebadilisha pinioni moja? Hesabu meno, na uangalie kama ni ya meno yaliyonyooka au ya mshazari. Pinioni yenye jino moja zaidi inakata kosa linalokua kadiri gantri inavyokwenda mbali: mbele iko guni, nyuma imepinda vibaya. Kosa la namna hiyo, linaloongezeka kwa urefu, karibu kila mara ni la kulinganisha vifaa viwili visivyolingana. Nunua pinioni kwa jozi hata kama mmoja bado ni mzima.

Dalili ya nne: gantri inang'ang'ania au kulia sehemu moja ya meza

Achanisha pinioni na usukume kwa mkono, polepole, urefu wote. Mkono unasikia kuliko sikio.

Ugumu wa sehemu fupi, kama urefu wa kiganja, ni taka kwenye bloku, kutu kwenye reli, au bolti ya reli iliyopanda juu. Safisha, weka grisi kwenye chuchu za bloku mpaka ile ya zamani itoke, sukuma tena.

Ugumu unaoongezeka taratibu kuelekea mwisho mmoja ni reli zisizo sambamba. Chagua reli moja iwe ya kufuatwa, ile iliyonyooka zaidi, na usiiguse. Reli ya pili legeza bolti zake zote nusu mzunguko. Peleka gantri mwisho mmoja, kaza bolti zilizo jirani na bloku, sogeza gantri hatua chache, kaza nyingine, hivyohivyo hadi mwisho. Gantri yenyewe inaiweka reli mahali pake. Reli za aina ya HGR20 zina bolti ya M5 kila baada ya milimita 60, kwa hiyo ni kazi ya subira. Usiruke bolti ukidhani zilizobaki zinatosha.

Ikirudi kung'ang'ania baada ya wiki chache, shuka chini uangalie miguu. Fremu iliyosimama kwenye sakafu isiyo sawa hujipinda. Vuta nyuzi mbili kona kwa kona juu ya fremu, zikazwe kwenye kimo kimoja juu ya chuma, zikutane katikati. Zinapaswa kugusana bila kusukumana. Uzi wa juu ukiachana na wa chini, badilisha ule wa chini uwe juu upime tena, kisha rekebisha miguu mpaka mpangilio wote uguse sawasawa. Pima maji inasaidia, lakini fremu inaweza kuwa na mteremko na isiwe na mpindo. Kinachoua guni ni mpindo.

Dalili ya tano: ukipiga homu mara tano, majibu ni matano

Funga dayo geji, ile saa ya kupimia misogeo midogo, kwenye fremu ikigusa upande mmoja wa gantri, piga homu mara kadhaa, andika. Hamishia upande wa pili, rudia. Usomaji ukitawanyika kuliko unene wa karatasi, milimita 0.1 hivi, sensa ya upande huo haiaminiki.

Sensa nyingi za M12 zinasoma chuma kwa umbali wa milimita 2 hadi 4. Ikiwekwa mwisho kabisa wa uwezo wake, inayumba. Isogeze ikaribie zaidi. Pangusa unyuzi wa alumini kwenye uso wake kama mnakata mabango ya alucobond. Kaza mabano yake, maana sensa nzuri kwenye bano linalotikisika ni bure. Na kasi ya kugusa mara ya mwisho iwe ndogo.

Ikiwa sensa hujiwasha yenyewe spindo inapozunguka tu, hiyo ni kelele ya inverta. Tenganisha waya za sensa na kebo ya spindo, zisilale kwenye mnyororo mmoja zikigusana, na uhakikishe ganda la kebo ya spindo limeunganishwa na athi.

Dalili ya sita: upande mmoja umesimama, mwingine unasukuma

Bonyeza kitufe cha dharura. Usijaribu kuirudisha kwa kidhibiti, maana mota moja itaendelea kuikunja. Zima umeme, achanisha pinioni, nyoosha kwa mkono. Chanzo huwa ni plagi iliyochomoka, waya uliokatika, au draiva iliyowasha taa nyekundu. Hesabu taa hiyo inawaka na kuzima mara ngapi, maana kitabu chake kinaeleza kila idadi. Kabla ya kuwasha tena kagua sahani zote mbili za pembeni kwenye maungio ya kuchomelea, ukipitisha tochi kwa ubavu. Ufa mwembamba huonekana kama unywele.

Kosa lisipokuwa la gantri

Duara likitoka kama yai, tazama yai limelala wapi. Likiinama kwa mshazari kati ya X na Y, ni guni. Likilala sambamba na X au Y, hesabu ya hatua kwa milimita ya mhimili mmoja haiko sawa. Duara likiwa zuri ila lina vibapa vidogo mahali mhimili unapogeuza mwelekeo, pinioni inacheza kwenye reki. Na uso wa mbao ukiwa na vijingazi kati ya mstari mmoja na mwingine, spindo haijasimama wima. Hilo halirekebishwi kwa kusogeza upande wa gantri.

Hapa acha, mwite fundi

Ufa kwenye fremu au sahani ya pembeni: usiuchomelee gantri ikiwa juu ya reli, kwa sababu mkondo wa kuchomelea unapita kwenye gololi za bloku na joto linapindisha kila ulichokinyoosha. Bloku iliyotoka kwenye reli na kumwaga gololi nayo ni ya mtu mwenye vifaa. Gololi zikipungua, bloku inabana baada ya siku chache. Tatizo lolote ndani ya inverta, draiva ya serva inayorudia kengele ileile baada ya kuwashwa upya, au harufu ya kuungua kwenye kabati, ni la fundi umeme wa viwandani.

Atakapokuja, mpe karatasi yenye mambo manne: tofauti ya kona kwa milimita na upande uliotangulia, gantri iliyoachiwa ilikaa wapi, kosa lilikuja ghafla au polepole, na kifaa cha mwisho kubadilishwa. Fundi asiyeuliza hata moja kati ya hayo na anayekimbilia kuagiza mota mpya, mlipe nauli na umtafute mwingine.